Maswali ya wasomaji: Kemia katika mawingu ya baridi kali

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu molekuli kubwa za kaboni zilizogunduliwa ndani ya TMC-1, wingu jeusi la gesi na vumbi lililo kati ya nyota. Barua zilizotufikia baadaye zimeonyesha kwamba habari ile ilikuwa fupi mno, kwa hiyo ukurasa mzima wa safari hii tumeutenga kwa jambo hilo moja.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu kwamba mmenyuko wa kikemia hupungua kasi kadiri halijoto inavyoshuka. Sasa mnatuandikia kwamba methanoli, aina mojawapo ya alkoholi, huundwa mahali penye nyuzi 263 chini ya sifuri. Wanafunzi wataniuliza ni lipi kati ya mawili hayo ni uongo. Niwajibu nini? – Mwalimu, Tabora

Mwalimu, wajibu kwamba yote mawili ni kweli, ila kanuni unayowafundisha ina sharti ambalo darasani halina haja ya kutajwa, kwa sababu karibu kila kitu mnachokichanganya kwenye bomba la majaribio hulitimiza. Sharti lenyewe ni kwamba mmenyuko uwe na kizuizi cha nishati, yaani kiasi cha nishati ambacho chembe zinazogongana lazima ziwe nacho ndipo mmenyuko utokee, na kwamba njia pekee ya kukivuka kizuizi hicho iwe ni kukiruka kwa nguvu ya joto.

Tuanze na hali ya mahali penyewe. TMC-1 ni sehemu ya wingu kubwa la molekuli katika kundinyota la Ng'ombe, umbali wa takriban miaka ya nuru 450 kutoka hapa tulipo. Halijoto yake ni kama kelvini 10, ndizo hizo nyuzi 263 chini ya sifuri. Kila sentimita moja ya ujazo ina molekuli za haidrojeni zipatazo 10,000, na wanaastronomia huuita huo kuwa msongamano mkubwa, ingawa ujazo uo huo wa hewa tunayovuta una molekuli zaidi ya bilioni 20 mara bilioni moja. Katika upweke wa namna hiyo ioni moja, yaani atomi au molekuli yenye chaji ya umeme, hugongana na molekuli ya haidrojeni mara moja au mbili hivi kwa siku.

Sasa wape wanafunzi wako hesabu hii. Chukua mmenyuko ambao kizuizi chake ni sawa na kelvini 2,000, jambo la kawaida kabisa. Katika joto la darasani, mgongano mmoja kati ya kama 800 huwa na nishati ya kutosha kukivuka. Katika kelvini 10, ni mgongano mmoja kati ya idadi inayoandikwa kwa tarakimu moja na sifuri zaidi ya 80 nyuma yake. Wingu hilo lina umri wa mamilioni machache tu ya miaka, na hata umri wote wa ulimwengu usingetosha kuusubiri mgongano huo. Kwa hiyo kila kilichopatikana humo kimeundwa kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza iliyoeleweka ni ya ioni. Mwanga wa nyota hauingii ndani ya wingu kwa sababu vumbi huuzuia, lakini miale ya kosmiki, ambayo ni protoni na viini vingine vinavyokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, hupenya na kuing'oa elektroni kutoka kwenye molekuli ya haidrojeni moja moja. Molekuli iliyojeruhiwa hivyo hukutana na nyingine, na kutokana nazo huzaliwa ioni ya atomi tatu za haidrojeni, ambayo iko tayari kumpa protoni karibu yeyote anayekutana nayo. Ioni huivuta molekuli jirani kwa umeme wake, na mara nyingi mmenyuko kati yao hauna kizuizi chochote. Mwaka 1973 wanakemia wa Marekani Eric Herbst na William Klemperer walionyesha kwa hesabu kwamba mnyororo wa mimenyuko ya aina hii ungetosha kueleza molekuli nyingi ndogo zilizokuwa zimeanza kuonekana angani. Ioni yenyewe ya haidrojeni tatu haikuonekana katika mawingu hadi mwaka 1996, ilipogunduliwa na Thomas Geballe na Takeshi Oka, miaka 23 baada ya kuwa nguzo ya nadharia nzima.

Kuna pia mimenyuko kati ya chembe zisizo na chaji ambayo haihitaji msukumo wa joto, hasa pale mmoja wa wahusika anapokuwa radikali, yaani kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenzake. Njia hizi mbili, ile ya ioni na ile ya radikali, zinaeleza vizuri minyororo mirefu ya kaboni ambayo TMC-1 inasifika kwayo. Mmojawapo una atomi 9 za kaboni zilizopangwa kwenye mstari mmoja, haidrojeni ikiwa upande huu na naitrojeni upande ule, na ulionekana huko tangu mwaka 1978.

Methanoli, hata hivyo, ilikataa kuingia katika mpango huo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba huundwa pale ioni ya methanoli yenye protoni ya ziada inapokutana na elektroni, ikaiacha protoni hiyo na kubaki salama. Mwaka 2006 kundi la watafiti lililotumia mtambo wa kuzungushia ioni mjini Stockholm lilipima kinachotokea hasa, na likakuta kwamba ni asilimia 3 tu hivi ya matukio ndiyo yanayoacha methanoli nzima. Katika asilimia 97 zilizobaki, ioni huvunjika vipande vipande. Kiasi cha methanoli kinachoonekana mawinguni hakiwezi kupatikana kwa njia yenye hasara namna hiyo.

Basi tunageukia vumbi, na hapa, Mwalimu, naomba uvumilivu wako, kwa sababu ndipo penye kiini cha swali lako. Chembe ya vumbi la anga ina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya maikromita. Ndani yake mna silika au kaboni, na juu yake, katika wingu la baridi, mna ganda la barafu: maji kwanza, pamoja na amonia na methani, kisha dioksidi ya kaboni, na baadaye wingu linapozidi kusongamana, monoksidi ya kaboni nayo huganda juu ya hayo yote. Atomi ya haidrojeni hutua juu ya chembe moja ya namna hiyo takriban mara moja kwa siku. Baada ya kutua haitulii. Huhama kutoka sehemu moja ya barafu hadi nyingine, na kwa kuwa hakuna joto la kuirudisha angani mara moja, hupata nafasi ya kukutana na monoksidi ya kaboni.

Kati ya hizo mbili kizuizi kipo, na ni kirefu. Lakini haidrojeni ni nyepesi kuliko atomi zote, na kwa sheria za fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomi, kitu chepesi hakina mahali pamoja palipobainika. Kuna uwezekano mdogo, usio sifuri, wa kukutwa upande wa pili wa kizuizi bila ya kukipanda. Uwezekano huo hautegemei joto. Hutegemea uzito wa chembe, upana wa kizuizi, na muda ambao chembe hukaa mbele yake ikijaribu. Juu ya barafu ya kelvini 10 muda upo tele. Haidrojeni ya kwanza ikishapenya, hupatikana radikali. Ya pili huifanya kuwa fomaldehaidi. Ya tatu hulazimika kupenya tena. Na ya nne hukamilisha methanoli.

Mwaka 2002 Naoki Watanabe na Akira Kouchi wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walimwaga atomi za haidrojeni juu ya barafu ya maji na monoksidi ya kaboni katika kelvini 10, na wakaona fomaldehaidi na methanoli zikitokea. Majaribio yaliyofuata, ambamo haidrojeni ya kawaida ilibadilishwa na ile nzito, yaani dyuteri, yalikwenda polepole zaidi kwa kiwango kikubwa. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi ninaoupenda zaidi, kwa maana kikemia atomi hizo mbili ni kitu kimoja, na kinachozitenga ni uzito tu, ambao ndio hasa unaoamua nani apenye na nani azuiwe.

Tena usiwaache wanafunzi wakidhani kwamba mambo huishia kwenye methanoli. Radikali mbili zikitokea kuwa jirani ndani ya barafu hushikamana papo hapo bila ya yeyote kutembea. Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwa njia hii, bila ya mwanga wowote na bila ya kupasha joto, monoksidi ya kaboni na haidrojeni hutoa glikolaldehaidi, molekuli sahili kabisa katika ukoo wa sukari, pamoja na glikoli ya ethilini, ambayo madereva wa nchi za baridi huitia kwenye rejeta za magari yao.

Kama una nafasi ya kuwapa mfano mmoja tu, wape huu wa mwisho. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walipima mmenyuko kati ya methanoli na radikali ya haidroksili, zote zikiwa gesi. Mmenyuko huo una kizuizi, na kwa kanuni ya vitabu ulipaswa kuzimika ukipozwa. Walipofika kelvini 63 kasi yake ilikuwa imepanda karibu mara mia moja kuliko ilivyokuwa katika kelvini 200. Sababu ni kwamba molekuli hizo mbili zinapokutana hushikana kwa mvuto hafifu. Katika joto hutengana kabla ya lolote kutokea, ilhali katika baridi hubaki pamoja kwa muda wa kutosha kwa haidrojeni kupenya na kuhama. Mahali pengine, basi, kupoza ndiko kunakoharakisha.

Hakuna chombo kilichowahi kufika huko kuchota sampuli. Mnajuaje kwamba ni molekuli hii na si ile? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mombasa

Kwa mawimbi ya redio. Molekuli iliyo katika gesi huzunguka, na sheria za kwanta huiruhusu kuzunguka kwa viwango maalumu tu. Inaposhuka kutoka kiwango kimoja hadi kingine hutoa wimbi la redio lenye masafa yake mahususi, ambayo yanategemea uzito wa atomi zake na jinsi zilivyopangwa. Mistari hiyo hupimwa kwanza kwa usahihi mkubwa katika maabara za duniani, kisha hutafutwa angani. Mstari mmoja hautoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa masafa yanaweza kugongana kwa bahati. Hutakiwa mistari mingi, yote ikiwa mahali inapostahili na yenye nguvu inayostahili. Wapo waliotangaza mwaka 2003 kwamba wameiona asidi ya amino (kijenzi cha protini) iitwayo glisini katika mawingu, na mwaka 2005 uchunguzi wa wenzao ukakuta kwamba mistari muhimu haikuwepo. Hadi leo glisini haijathibitishwa katika gesi iliyo kati ya nyota.

Njia hii ina upofu wake. Molekuli ambayo umeme wake umegawanyika sawasawa pande zote haitoi wimbi la redio kwa kuzunguka, na benzini, molekuli yenye pete moja ya atomi sita za kaboni, ni mojawapo. Ndiyo sababu kundi la mwanakemia wa Marekani Brett McGuire halikuitafuta benzini ndani ya TMC-1, bali lilitafuta benzonitrili, ambayo ni benzini iliyobadilishana atomi moja ya haidrojeni na kipande cha kaboni na naitrojeni. Waliipata kwa darubini ya Green Bank iliyoko West Virginia, Marekani, na wakatangaza mwaka 2018. Mwaka 2021 ilifuata naftalini iliyobeba kipande hichohicho, na mwaka 2024 pireni, yenye pete nne. Mpaka sasa molekuli zilizotambuliwa kati ya nyota zimepita 300.

Ninyi wenyewe mmeandika kwamba methanoli na wenzake huundwa juu ya barafu. Tena mnasema darubini ya redio huona gesi peke yake. Katika kelvini 10 barafu haiyeyuki wala haifukizi. Zimetokaje humo? – Msomaji, Nairobi

Umegusa donda, na si letu peke yetu. Kwa miaka mingi jibu lililokubaliwa lilikuwa kwamba molekuli kubwa haziundwi katika wingu la baridi hata kidogo. Barafu, ilisemwa, husubiri hadi nyota izaliwe jirani. Joto likifika kelvini 30 au 40 radikali huanza kutembea na kuungana. Na joto likizidi 100 barafu yote hugeuka mvuke. Ni maelezo mazuri, na kwa maeneo yanayozunguka nyota changa bado yana nguvu.

Kisha mwaka 2012 mwanaastronomia Aurore Bacmann na wenzake, wakitumia darubini ya mita 30 ya taasisi ya IRAM iliyoko milimani kusini mwa Hispania, waliielekeza kwenye kitovu cha wingu kiitwacho L1689B, ambacho hakina nyota ndani yake na hakijawahi kupata joto. Walikuta asetaldehaidi, etha ya dimethili na fomati ya methili, zote zikiwa gesi. Hakukuwa na wa kuzipasha joto. Baadaye molekuli za namna hiyo zilionekana katika vitovu vingine vya baridi, na kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba L1689B ni kituko cha peke yake.

Njia zinazojadiliwa sasa ni kadhaa. Atomi mbili zinapoungana juu ya barafu hutoa nishati, na nishati hiyo yaweza kuirusha molekuli mpya angani. Miale ya kosmiki inapoipiga haidrojeni ya wingu huzalisha mwanga hafifu wa urujuanimno ndani ya giza lenyewe, na mwanga huo huchokoa molekuli kutoka kwenye barafu, ingawa methanoli ikichokolewa hivyo mara nyingi huvunjika. Kiini kizito cha miale hiyo, kama cha chuma, kikipita katikati ya chembe ya vumbi huipasha joto kwa kitambo kifupi mno, na vitu vyepesi vilivyoganda hupata nafasi ya kutoroka.

Mimi naona maelezo yanayoridhisha zaidi ni yale yanayogawa kazi: barafu hutengeneza methanoli na kuiachilia kidogo kidogo, kisha gesi huendeleza kazi kwa mimenyuko kama ule wa Leeds, ambao zao lake, radikali ya methoksi, lilionekana mwaka 2012 katika wingu la B1-b lililo kwenye kundinyota la Perseus. Hesabu za watafiti kadhaa zinafika karibu na viwango vilivyopimwa. Wapo wanaoshikilia kwamba molekuli kubwa zenyewe hutoka zikiwa zimekamilika kwenye barafu, na hoja zao si za kupuuzwa, kwa kuwa majaribio ya Leiden yameonyesha kwamba barafu inaweza. Kwa upande wake, darubini ya anga ya James Webb husoma barafu moja kwa moja kwa mwanga wa infraredi, kwa kutazama jinsi barafu inavyofyonza mwanga wa nyota zilizo nyuma ya wingu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 kuhusu wingu la Chamaeleon I yalionyesha methanoli iliyoganda kabla ya nyota yoyote kuwaka mahali hapo. Suala la methanoli kuundwa kwenye baridi nadhani limekwisha. La molekuli kubwa kuliko hiyo bado linabishaniwa.

Wingu hilo la TMC-1 naweza kuliona kwa macho? – Msomaji, Unguja

Hapana, lakini mahali lilipo utapaona. Kuanzia mwezi wa Novemba hadi Februari, jioni, kitafute Kilimia, kisha nyota angavu yenye wekundu iitwayo Aldebaran, ambayo imo katika kundinyota hilohilo la Ng'ombe. TMC-1 liko upande wa kaskazini wa Aldebaran, kwa umbali wa nyuzi 9 hivi, ambao ni karibu upana wa ngumi yako ukiunyoosha mkono.

Je, ni kweli kwamba sisi binadamu tumetokana na molekuli hizo? – Msomaji, Bukavu

Kusema hivyo ni kuvuka mipaka ya ushahidi, ingawa magazeti hupenda kusema. Linaloweza kuonyeshwa ni dogo zaidi, na kwangu linavutia zaidi: kwamba sehemu ya kemia ya mawingu ya baridi iliokoka kuzaliwa kwa Jua na kufika kwenye miamba na vimondo. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, Septemba 1969 kina aina zaidi ya 70 za asidi za amino, ingawa nyingi kati yake huenda ziliundwa ndani ya kimondo-mama kwa msaada wa maji ya uvuguvugu, na si angani. Chombo cha anga cha Rosetta kilipima glisini katika gesi ya kimondo-mkia 67P, yaani nyota yenye mkia, na tangazo lake likatolewa mwaka 2016.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwenye vipande vya asteroidi Ryugu vilivyoletwa duniani na chombo cha Japani Hayabusa2 mwezi Desemba 2020. Watafiti walipima ni mara ngapi molekuli moja ina atomi mbili za kaboni nzito kwa pamoja. Molekuli zilizoundwa katika joto kali, kwa mfano pembeni mwa nyota inayokufa, huzigawa atomi hizo kwa bahati tu. Zilizoundwa katika baridi hupata jozi nyingi kuliko bahati inavyoruhusu. Matokeo ya mwaka 2023 yalikuta ziada hiyo katika naftalini, fluoranthini na pireni, na haikuonekana katika fenanthrini na anthrasini, ambazo zimo katika mawe yaleyale. Kwa hiyo ndani ya asteroidi moja kuna molekuli zenye asili mbili, baadhi zikiwa zimepitia moto na nyingine zikiwa zimeundwa gizani katika wingu la baridi zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita.